Mapigo ya Kunong'ona

Jumamosi ile duka la vyombo vya muziki lilijaa hadi mlangoni. Huku mtu anajaribu tarumbeta, kule mwingine anakwaruza gitaa, na katikati yao binti wa gauni la njano na raba nyeupe amekalia dramu ambayo hakuwa na nia ya kuinunua. Bendi yake ya harusini ilimwita Radi, maana akianza hata waliosinzia huketi wima.

Aliponyanyua macho akamwona kijana mrefu, mikono ya shati ameikunja, anaandika mbio mbio.

"Kaka, unaandika nini?"

"Wewe."

"Mimi? Kwani nimekufa, unaandika wasifu wangu?"

"Ulichopiga sasa hivi. Njoo uone."

Radi akainama. Haya, msomaji, nikutegee kitendawili: nyumba yangu ina mistari mitano, wakazi wa juu vichwa vyao misalaba, wa chini vichwa vya duara, na hakuna anayesema mpaka apigwe. Umeshindwa? Nipe mji. Hizo ni nota za dramu. Misalaba ni matoazi, duara la kati ni ngoma ndogo, la chini kabisa ni besi ya mguu. Radi alizipiga tangu utotoni kwa sikio tu, wala hakujua kama zina nyumba.

"Bibi yangu anasema napiga kelele."

"Mwonyeshe karatasi hii. Kelele haziandikiki."

Kijana huyo kazi yake ilikuwa kuandika nota za bendi kubwa ya ukumbini, na wenzake walimwita Kalamu. Aliposikia hivyo, Radi moyo ulimruka. Kiongozi wa bendi hiyo hiyo alikuwa ameusikia wimbo wake harusini akaupenda, akamwambia: ulete umeandikwa, tuupige kwenye onyesho la Jumapili ya mwisho wa mwezi. Mpiga dramu wetu hupiga kilichoandikwa tu. Usipoandikwa, basi.

"Niandikie wimbo wangu, tafadhali. Nitakutumia rekodi."

"Nipe namba ya simu kwanza. Nikikwama nikuulize."

"Utakwama mara ngapi?"

"Kila jioni."

Na kweli, kila jioni simu iliita.

"Radi, pale mwanzo, mguu unaingia kabla ya mkono au pamoja?"

"Pamoja, mpenzi."

"Umesemaje?"

"Nimesema pamoja."

"Neno la pili, bibie. Hilo la kwanza nimeshaliandika."

Radi akakata simu, akacheka peke yake kama mwehu.

Siku ya mazoezi alivaa blauzi nyekundu, akakaa kiti cha mbele. Mpiga dramu wa ukumbini akapiga karatasi ilivyosema, na wote wakapiga makofi. Radi hakupiga. Kati ya mapigo makubwa yeye hudondosha madogo kwenye ngoma ndogo, mepesi kama punje za mchele zikianguka kwenye ungo. Hakusikia hata moja.

"Madogo yangu yako wapi?"

"Yale?" Kalamu akatabasamu. "Nilidhani mkono unateleza. Nikasafisha."

"Ukasafisha. Umenifua mpaka umenitoa rangi. Muda wote huu ulikuwa unanisikiliza au unanisahihisha?"

Akamwambia kiongozi autoe wimbo wake, akaondoka. Nyumbani simu iliita, akaifunika kwa mto.

"Mjukuu wangu, hiyo simu ina homa?" bibi yake akauliza.

"Ni mtu bure, bibi. Hakuyasikia mapigo yangu madogo, akayafua yote."

"Mimi natia pamba masikioni kila ukipiga, na nayasikia. Huyo kijana ana pamba ya wapi?"

Kesho yake mlango ukagongwa. Kalamu, shati limemkunjamana, macho mekundu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye dobi?"

"Ndiye mimi." Akamgeukia Radi. "Nimesikiliza tena rekodi yako, taratibu. Mkono unaoteleza hauangukii pale pale kila mzunguko. Nimekosa. Nimemsihi kiongozi, anausubiri wimbo mpaka leo jioni. Kaa upige, Radi. Safari hii siandiki mpaka useme nimesikia."

Radi alimtazama kwanza, akamwacha asimame pale kama mtu aliyekuja kudai kodi. Kisha akazishika fimbo za dramu, akapiga polepole. Kalamu akaanza kuyajaza mapengo kwa vichwa vidogo ndani ya mabano, alama ya pigo linalonong'ona.

"Umeruka moja."

"Wapi?"

Radi akalipiga begani mwa Kalamu kwa ncha ya fimbo.

"Rudia."

"Umeshalisikia."

"Sina hakika."

Bibi akakohoa kutoka jikoni.

Jumapili ukumbi ulifurika. Dramu ilipoingia, zile punje zikaanguka moja moja kutoka mikononi mwa mtu mwingine, na Radi akayasikia mapigo yake akiwa msikilizaji kwa mara ya kwanza. Machozi yakamtoka. Hapo hapo Kalamu akamwinamia sikioni.

"Nataka nikuoe."

"Nyamaza, wimbo wangu unapita."

Lakini Radi alikuwa ameshamshika mkono, wala hakuuachia hata watu waliposimama kupiga makofi.

"Sasa sema tena," akamwambia.

Akasema.

"Mimi nimekubali. Kesho uje umwambie bibi. Na hilo shati ulipige pasi."