Mkwaruzo kwenye Kisu cha Shangazi

Kila Jumamosi, akishafua sare zake za shule na kuzianika, Chiriku alikwenda kumsaidia shangazi yake kwenye kitalu cha miche. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na watu waliochoka kumsikiliza. Alizungumza akijaza udongo kwenye viriba, vile vifuko vya kuoteshea miche, alizungumza akimwagilia maji, na akikosa mtu wa kuzungumza naye aliisemesha miche. "Mwacheni," shangazi aliwaambia wateja. "Miche yangu inakua haraka ili iuzwe imkimbie."

Shangazi alikuwa fundi wa kubebesha, yaani kuunganisha kikonyo, kijitawi kilichokatwa kwenye mti wenye matunda mazuri, na mche mchanga ili viwe mti mmoja. Wiki moja alinunua kisu kipya cha kukunja, kisu cha kazi hiyo hasa. Alikuwa amekiwekea akiba muda mrefu, na mumewe alipoisikia bei, chai ilimpalia. Kisu kilikuwa bado hakijatumika. Kilikaa kabatini, kimefungwa kwenye kitambaa laini, na hakuna aliyeruhusiwa kukigusa.

Jumamosi ya wiki hiyo, asubuhi, shangazi alimwita Chiriku. "Mwanangu, kimbia nyumbani ukanichukulie kile kisu. Mkunga analeta vikonyo vyake leo. Na unisikilize vizuri: usikifungue."

"Sikifungui, shangazi. Kwani mimi mtoto?"

"Ndiyo, wewe mtoto. Haya, nenda."

Chiriku alikitoa kisu kabatini, akakitia mfukoni na kushika njia ya kurudi. Alipofika karibu na karakana ya fundi baiskeli, akakutana na mtoto wa fundi huyo, aliyesoma naye darasa moja. Mtaani walimwita Najua, kwa sababu ungemwambia lolote, jibu lake lilikuwa hilo hilo.

"Nimebeba kisu kipya cha shangazi," Chiriku alisema. Kwa mdomo wake ule, angenyamazaje?

"Najua. Hebu nikione."

"Nimekatazwa kukifungua."

"Sema tu huwezi kukifungua."

Basi hapo ndipo mambo yalipoharibika. Alijua vizuri alichokatazwa, lakini kuambiwa hawezi kulimchoma. Alikitoa kisu, akakifungua. Upande mmoja wa ubapa ulikuwa umechongwa kuelekea kwenye makali, na upande wa pili ulikuwa bapa tupu, laini, unang'aa. Alikamata kijitawi cha ua wa miti wa jirani, akakata. Kilikatika kama sabuni.

"Umeona?" alisema, akakamata kijitawi cha pili. Hicho kilikuwa kimefungiwa waya kwenye nguzo ya ua, naye hakuuona. Kisu kiliteleza juu ya waya ule. Kriii!

Chiriku alikigeuza kisu. Kwenye upande ule bapa palikuwa na mkwaruzo. Ulikuwa mfupi kama punje ya mchele, lakini machoni pake ulijaa kisu kizima. Aliufuta kwa kidole, akaufuta kwa gauni lake, akautemea mate na kuufuta tena. Mkwaruzo haukwenda popote.

"Shangazi ataniua," alisema.

"Hakuui," alisema Najua. "Labda atakukataza kufika kitaluni tu."

Maneno hayo yalimwogopesha zaidi kuliko kiboko. Chiriku hakuwa na mahali alipopapenda kama kitaluni, na sasa alijiona akifukuzwa mbele ya wateja. Machozi yakamlengalenga.

"Usilie, najua la kufanya," alisema Najua. "Baba huondoa kutu kwa msasa."

Baba yake alikuwa ametoka kwenda kununua matairi, kwa hiyo karakana ilikuwa tupu. Najua alizungusha msasa laini kwenye kidole chake, akasugua upande ule bapa, akasugua hadi kwenye makali, kisha akapaka mafuta na kupangusa kwa kitambaa. Chiriku alisimama mlangoni akilinda njia, roho mkononi. Wahenga walisema akili nyingi huondoa maarifa, ila siku ile hakuna mhenga aliyepita karakanani.

"Haya, tazama," alisema Najua. Mkwaruzo haukuwapo tena. Kisu kilimeta kuliko kilivyotoka dukani.

Chiriku alirudi kitaluni mbio, akakiweka kisu mezani na kwenda kujaza viriba. Alijaza kimya. Shangazi alimtazama mara ya kwanza, akamtazama mara ya pili.

"Unaumwa?"

"Hapana, shangazi."

"Tumbo?"

"Hapana, shangazi."

"Makubwa haya! Chiriku amenyamaza na hajafa."

Kwa kawaida Chiriku angecheka. Siku hiyo aliinamia kiriba chake, akaendelea kujaza.

Mara mkunga akafika. Alikuwa mama mtu mzima aliyestaafu kazi ya kuzalisha, na nusu ya watoto wa mtaa walipokelewa na mikono yake, Chiriku mmojawapo. Alikuwa amepakata kitambaa kibichi kilichofungwa vizuri.

"Mwanangu, hivi ndivyo vilivyopona," alimwambia shangazi, akivifungua vikonyo vya mparachichi. "Upepo uliuangusha mti, na matawi yamekwisha kukauka. Mume wangu aliupanda mwaka tuliooana. Yeye hayupo, na mti haupo. Vikifa hivi, sina tena."

"Havitakufa, mama," alijibu shangazi. "Kisu hiki ndicho nilichokuwa nikikikosa. Tazama, upande huu ni bapa kabisa. Ndio unaoninyooshea mkato. Nikichonga kikonyo, kinakaa kwenye mche pasipo mwanya. Ubapa ukipinda hata kidogo, mkato nao unapinda, hewa inaingia, na kikonyo kinakauka."

Kiriba kilimponyoka Chiriku, udongo ukamwagika miguuni pake. Upande ule bapa! Ndio ule ule walioupitishia msasa hadi kwenye makali. Tangu asubuhi alikuwa akiogopa kugombezwa. Kumbe msasa ulikuwa umeupinda ubapa, na alichokiharibu si uzuri wa kisu bali kazi yake.

Papo hapo wazo jingine likamjia, na wazo hilo lilimtisha kuliko yote. Vikonyo haviwezi kukauka leo. Vitakauka baada ya wiki kadhaa, na kila mtu atalilaumu jua. Mkwaruzo haupo. Yule Najua hatasema. Kumbe akinyamaza tu, hakuna atakayejua kamwe.

Shangazi alikipangusa kisu kwa spiriti. "Ona kinavyong'aa," alisema kwa furaha. Akachukua kikonyo cha kwanza, akaweka makali juu yake. Mkunga alikuwa ameinamia meza, mikono kifuani.

"Shangazi, usikate!"

Chiriku mwenyewe alishtushwa na ukelele wake. Shangazi alisimamisha mkono. Hapo maneno yakamtoka Chiriku yote kwa pamoja, machozi na kamasi juu: kukifungua, ua, waya, mkwaruzo, msasa.

Shangazi aliweka kikonyo chini, akaokota kijiti cha kutupwa na kukichonga, akakibana kwenye kijiti kingine, kisha akaviinua kwenye mwanga. Katikati yake palipita mstari mwembamba wa jua.

"Umeuona?" aliuliza taratibu.

"Nimeuona, shangazi."

"Huo ndio mlango wa hewa. Ningeufungua kwenye kila kikonyo cha mama huyu, na mimi huku najisifu." Alivua miwani, akajifuta uso. "Lete jiwe la kunolea na maji. Na huyo anayechungulia pale langoni, aingie."

Najua aliingia, macho chini. Kumbe alikuwa amemfuata Chiriku kwa wasiwasi.

"Wewe bwana, unajua kunoa kisu cha kubebeshea?"

"Na..." Alimeza mate. "Sijui, shangazi."

"Afadhali! Sasa unaweza kufundishwa."

Shangazi alililoweka jiwe, akalaza upande ule bapa juu yake, akaishika mikono ya Chiriku. "Kisu kilale chote, usikiinue. Sukuma. Rudisha. Polepole." Chiriku alisukuma na kurudisha, akachoka, akapokewa na Najua, kisha akaendelea tena. Mkunga alivifunga vikonyo vyake katika kitambaa kibichi na kukaa kivulini kusubiri. Uso wake haukuonyesha kitu, na Chiriku aliogopa hata kumtazama.

Ule mng'ao wa dukani ulipotea wote. Ubapa ukawa wa kijivu, umejaa mistari ya jiwe. Hatimaye shangazi alichonga vijiti vingine viwili, akavibana na kuviinua kwenye mwanga. Jua halikupita.

"Shangazi, kisu chako kimechakaa na hakijafanya kazi hata siku moja," alisema Chiriku kwa huzuni.

"Ulidhani nilikinunua kiwe pambo? Kisu cha kazi lazima kikwaruzike. Kama si leo, kesho, na kama si wewe, mimi. Ungeniletea na mkwaruzo wako ningekugombeza, tena sana, kwa kutonisikia, kisha ningefanya kazi yangu. Mkwaruzo haukuharibu kitu. Kilichoharibu ni kuuficha." Alianza kuchonga kikonyo cha kwanza. "Na kabati langu la nyumbani hutalifungua tena mpaka nikuambie. Kitaluni utakuja kama kawaida."

Chiriku alishusha pumzi, lakini kazi moja ilibaki, na hakuna aliyemtuma kuifanya. Alikwenda kivulini, akapiga magoti mbele ya mkunga.

"Bibi, nisamehe. Nilitaka kunyamaza. Nilikuwa nimeshaamua nusu."

Mkunga akamvuta akae karibu yake.

"Mjukuu wangu, nimezalisha wanawake wengi kuliko nywele zangu zilizobaki," alisema. "Anayepiga kelele hanipi hofu. Huyo namsikia, nafika, namsaidia. Aliyenitoa jasho siku zote ni yule anayeona mambo yameharibika, akang'ata shuka na kunyamaza. Kwa mtu wa namna hiyo nimewahi kufika nikiwa nimechelewa. Ndiyo maana watu wazima husema mficha uchi hazai. Ukikosea, piga kelele mapema, hata kama unaogopa. Hasa kama unaogopa."

Wakakaa pale wawili, wakimwangalia shangazi akifunga kikonyo cha kwanza kwenye mche wake.