Kabla Jua Halijafika Mteremkoni

Siku ya tatu bila nyama, Séverin alichoka kusubiri. Nyati alisimama hatua ishirini mbele yake, ubavu wazi, karibu na mto Lindi, na jioni ilikuwa inaingia. Kwa kawaida hakuvuta upinde kabla ya kutikisa kifuko chake cha majivu aone hewa inaelekea wapi. Safari hii hakukitikisa. Arusi ya shemeji yake ilikuwa Jumamosi, na kule Kisangani familia nzima ilingoja nyama.

Akaachia mshale. Papo hapo hewa ya jioni ikamgusa kisogoni. Nyati alinusa, akageuka, na mshale uliolenga moyo ukazama tumboni.

Colette, mke wake, alikuwa nyuma na kikapu kitupu cha kubebea nyama. Alisikia matawi yakivunjika, kisha ukelele wa mumewe. Alipofika alimkuta chini, paja la kulia limepasuliwa kwa pembe. Nyati alikuwa ameingia kichakani, lakini hakwenda mbali. Walimsikia akikoroma humo ndani.

Colette alichana kitenge chake, akalifunga paja kwa nguvu, akamkokota mumewe kupanda mteremko mpaka kwenye mizizi ya mti mkubwa, juu ya korongo kavu. Hakuna aliyelala.

Kulipopambazuka damu ilikuwa imepungua, ila ngozi ya Séverin ilichoma kama sufuria. Maji yalikwisha. Mtumbwi wao ulikuwa chini kabisa, ukingoni mwa mto. Kushoto palikuwa na kinamasi kisichopitika. Katikati kichaka, na ndani yake nyati. Kulia lilishuka korongo, lakini mwishoni lilipita hatua kumi tu kutoka kichakani.

"Enda peke yako," alisema Séverin. "Chukua pirogue, lete batu."

"Na wewe?"

"Mi niko mutu ya kufa leo ao kesho. Enda."

"Nyamaza. Unieleze upepo."

Séverin alimtazama. Miaka tisa ya ndoa, hakuwahi kumfundisha neno moja la uwindaji.

"Asubuhi udongo iko baridi," alisema. "Hewa inashuka kwa mto. Jua ikipiga mteremko, inageuka, inapanda. Haingoje mutu."

Colette alitikisa kifuko. Majivu yaliteremka taratibu na kuingia korongoni. Ndiyo maana nyati hakuwajia usiku kucha: harufu yao ilipita pembeni. Akaondoka, akarudi, akaondoka tena. Miguu yake ilikataa kutulia. Hatua arobaini upande wa kushoto alitikisa tena, na majivu yakashuka moja kwa moja mpaka kichakani.

Alirudi mbio. "Toa chemise."

"Ya nini?"

"Iko na damu yako. Nitaitundika kule juu ya nyati. Atasikia harufu, atapanda. Sisi tutapita na korongo."

"Na kama hapandi?"

"Alors tutakufa wawili. Toa!"

Alilitundika shati kwenye tawi, akarudi akiinama, akamweka Séverin mgongoni, upinde na kikapu vikiwa begani mwa mumewe. Wakangoja. Juu ya miti ya ng'ambo jua lilikuwa tayari limewaka, na mstari wa mwanga ulikuwa ukija kwao, jani kwa jani. Colette aliuangalia kama mtu anayeangalia moto ukikaribia nyumba. Kichaka hakikutikisika. Alihamisha uzito mguu huu, mguu ule.

"Haendi," Séverin alinong'ona.

"Nyamaza."

Kichaka kikapasuka. Nyati alipanda mteremko kichwa chini, mshale ukining'inia ubavuni, akalirukia shati. Colette akashuka korongoni. Mawe yaliteleza chini ya miguu yake. Kila kishindo kilimtoa Séverin mguno, naye aliuma mkono wake mwenyewe asipige kelele. Walipita kichaka, uvundo wa nyati bado ukiwa mzito hewani. Zilibaki hatua kama sitini.

Ndipo mwanga ulipowafikia. Colette alihisi joto usoni, kisha hewa ikimpita kutoka mtoni, ikimsukuma kifuani, ikipanda.

"Imegeuka," alisema Séverin sikioni mwake. "Kimbia, mama. Kimbia!"

Juu yao mngurumo wa nyati ulikoma ghafla. Halafu kwato.

Colette alikimbia na mwanaume mzima mgongoni, macho yakiona mtumbwi tu. Alimtupa Séverin ndani, akausukuma, akaanguka juu yake. Nyati aliingia majini mpaka kifuani. Pembe iligonga nyuma ya mtumbwi, mbao ikalia, na ufa ukafunguka urefu wa mkono. Kisha mkondo ukawashika. Nyati alibaki amesimama majini, akipumua povu jekundu, mpaka kona ya mto ikamficha.

Maji yaliingia kwa ufa. Colette alipiga kasia, akateka maji kwa kikapu kilichovuja, akateka kwa viganja. Séverin alilaza mgongo wake juu ya ufa na kubaki hapo, akitetemeka, mpaka jua lilipofika utosini.

Mvuvi aitwaye Zacharie aliwaona karibu na mahali Lindi unapoungana na mto mkubwa. Aliwahamishia kwenye mtumbwi wake na kuwaahidi hospitali ya Kisangani kabla ya jioni. Alitazama paja, akatazama upinde.

"Papa, uko muwindaji mukali! Kutoka kwa nyati na muguu hii?"

Akakata kwanga, mkate wa muhogo, akampa Séverin kipande kikubwa, kama anavyopewa baba wa safari.

Séverin hakukipokea.

"Mama kwanza," alisema. "Yeye ndiye alituongoza. Mi nilikuwa muzigo."

Colette alinyoosha mikono kuchukua chakula. Akauma kwanza yeye, kisha akammegea Séverin.