Samaki Saba wa Mstari wa Nyuma

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, mjukuu wangu hufagia vipande vya vitambaa chini ya cherehani yangu, huosha vikombe vya chai, kisha hufunga mkoba wake. Ana miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na mwandiko wake ni mzuri hivi kwamba hata mimi, ninayesoma kwa kufuatisha kidole, huusoma bila taabu. Jambo moja tu lilikuwa likinishangaza. Watoto wengine wakiosha vyombo huimba. Yeye aliosha kimya. Redio ya jirani ikipiga wimbo, midomo yake ilikwenda, lakini sauti haikutoka. Nilidhani ni aibu za kukua. Sikuuliza, na kosa hilo ni langu.

Kumbe jambo lenyewe lilianzia shuleni. Mwalimu wao wa muziki alikuwa mtu nadhifu, shati limepigwa pasi hadi mikononi, na kwaya yake ilisifiwa. Kila kipindi alikianza namna moja. Alitoa mfukoni kifilimbi cha chuma, cha mviringo kama kifuniko cha chupa kubwa, chenye matundu pembeni, kila tundu na sauti yake, akapuliza tundu lilelile, fiii, na darasa zima likaanzia wimbo kwenye sauti hiyo. Ilikuwa juu. Iliwafaa wenye sauti nyembamba, kama yule msichana waliyemwita Zumari. Mtoto aliyeshindwa kuifikia aliambiwa ahamie mstari wa nyuma, achezeshe midomo tu, asiharibu wimbo. Huko nyuma walifika saba. Na kwa kuwa walifungua na kufunga midomo bila kutoa sauti, wenzao wakawaita samaki.

Mjukuu wangu alikuwa samaki kwa miaka miwili.

"Samaki, maji ya leo ni ya baridi?" Zumari alipenda kumuuliza mstarini, na wote wakacheka. Yeye naye alicheka. Kicheko cha namna hiyo mnakijua: meno nje, moyo ndani unachubuka.

Muhula wa pili ulipoanza, mwalimu akaitwa kwenye mafunzo. Walimu wa muziki wa shule zote za karibu walikusanywa chuoni siku tano wafundishwe upya kazi yao, maana ualimu nao, kama ushonaji, ukikaa na mishono ya zamani tu, utawabana watu makwapani. Vyeti hawakupewa palepale. Mkufunzi wao, mama mmoja mwenye miwani, angemtembelea kila mwalimu shuleni kwake, akae nyuma ya darasa kipindi kizima, aone kama waliyofundishwa yamewafikia watoto. Kama hayakuwafikia, hakuna cheti.

Mwalimu alirudi Jumatatu na faili la karatasi. Alimwita mjukuu wangu kwa ajili ya mwandiko wake, akamwambia anakili ukurasa wa kwanza kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya manila, ubandikwe ukutani. Akamkabidhi faili zima. Hapo ndipo alipojikwaa, kwani mtoto akishajua kusoma huwezi kumwambia asome ukurasa huu na ule auache. Alipomaliza wa kwanza, alifunua wa pili.

Uliandikwa hivi: "Usimwambie mtoto yeyote achezeshe midomo bila kuimba. Mara nyingi anayeshindwa hana kasoro. Wimbo umeanzishwa mahali ambapo sauti yake haifiki. Anzia pale sauti yake ilipo anapozungumza." Chini ya maneno hayo mwalimu alikuwa amepiga mstari kwa kalamu nyekundu. Mara mbili.

Aliniambia baadaye kwamba aliyasoma mara tatu. Mara ya kwanza hakuamini. Mara ya pili alifurahi, akajiona tayari ametoka mstari wa nyuma. Mara ya tatu ndipo alipoitazama ile kalamu nyekundu, akaelewa kuwa mwalimu ameshayajua hayo. Basi akangoja. Jumanne ikafika, kifilimbi kikapulizwa tundu lilelile, na samaki wakachezesha midomo. Jumatano mwalimu akawaita wale saba kando. Akawaambia kwa upole kwamba kesho, kipindi cha tatu, kuna mgeni, kwa hiyo wao watakuwa stoo wakipanga vitabu, kwani ni watoto wanaoaminika.

Upole ule ndio uliomchoma. Mtu akikutupa kwa ukali, angalau unajua umetupwa.

Jioni ile alivunja sindano zangu mbili kwa kushona kifungo kimoja. Nilimuuliza kuna nini, akasema hakuna kitu. Nikamwambia hicho kinachoitwa hakuna kitu kimeshanilia sindano mbili. Hakucheka. Nikamwacha.

Alhamisi, alipokwisha kwenda shule, mteja wangu mmoja alikuja kuchukua gauni. Lilikuwa limepungukiwa na kifungo. Nikafungua kopo langu la vifungo, nikatia mkono, nikatoka na duara la chuma lenye matundu. Nililipuliza, likalia. Mteja, ambaye mwanawe yuko shule hiyohiyo, akasema, "Mbona hicho ni cha mwalimu wa muziki?"

Mimi ni mtu wa kufumua mshono taratibu, uzi kwa uzi. Siku hiyo nilitoka na futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni, mteja nikamwacha kasimama na gauni mkononi. Nyumbani kwangu hakuingii kitu cha mtu. Njia nzima nilikuwa nikigomba peke yangu, na waliokutana nami walinipisha.

Stoo ya shule iko karibu na lango. Niliwaona wale saba humo, vichwa vimejaa vumbi. Ng'ambo ya ua, darasa la sita lilikuwa likianza wimbo, likiukata, likianza tena. Bila kifilimbi mwalimu alikuwa akikisia sauti kwa koo lake mwenyewe, na kwa hofu aliyokuwa nayo, kila akikisia ilipanda zaidi. Nilimwita mjukuu wangu pembeni, nikafungua kiganja.

"Hiki cha nani?"

"Cha mwalimu."

"Kimefikaje kwenye kopo langu?"

"Nilikichukua mezani kwake." Hakulia. Alinitazama usoni. "Nilitaka ashindwe mbele ya mgeni, Bibi. Aone inavyokuwa, kufungua mdomo na sauti isitoke."

Ndipo yote yakamwagika: mstari wa nyuma, samaki, ile miaka miwili, karatasi, kalamu nyekundu. Maneno ya ukurasa wa pili alikuwa nayo kichwani, akayasema yote bila kukosea. Nikamsikiliza, na hasira yangu ikageuka kama koti linavyogeuzwa ndani nje. Nilikumbuka ule ukimya kwenye beseni la vyombo, kila asubuhi, nami nipo hatua tatu kutoka kwake nakanyaga cherehani. Nilitamani kuingia darasani nimshike mwalimu yule kola yake iliyonyooka. Lakini kazi ya mikono imenifunza kitu kimoja: nguo huanziwa pale ilipochanikia.

"Kosa lake ni lake, na atalijibu," nikamwambia. "Hili lililo kiganjani mwangu ni lako. Ukianza na lake kabla ya kurudisha hiki, watasema mwizi anapiga kelele."

"Nikikirudisha ataanza tena juu."

"Basi hilo mwambie. Kwa mdomo wako."

Nikampa kifilimbi akibebe mwenyewe. Mlangoni nikapiga hodi. Mwalimu aliniamkia huku akifuta jasho, macho yake yakiuliza bibi huyu na futi yake anatafuta nini. Mkufunzi alikuwa amekaa benchi la nyuma kabisa, daftari magotini. Mjukuu wangu alikwenda moja kwa moja hadi mezani, akakiweka kifilimbi.

"Nilikichukua mimi jana, mwalimu. Nimekosa."

"Samaki mwizi," Zumari akanong'ona, na wawili watatu wakacheka. Safari hii mjukuu wangu hakucheka nao. Alingoja wanyamaze.

"Lakini karatasi yako ya mafunzo inasema mtoto asiambiwe achezeshe midomo," akasema. Hasira ilikuwa wazi, woga sikuuona. "Umeipigia mstari mara mbili. Umeisoma, umeielewa, halafu umetuficha stoo."

Mkufunzi akauliza samaki ni nini. Mtoto mmoja wa mbele akaeleza, akitazama chini. Mwalimu alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua. Nyuma yangu wale sita walikuwa wameshatambaa hadi mlangoni, na mmoja wao, kijana mwembamba waliyemwita Kijiti, akasema chinichini, "Tumepata wa nane." Mungu anisamehe, nusura nicheke.

Mwalimu aliwatazama wale watoto wenye vumbi kichwani. Angeweza kusema mtoto huyu ni mwizi, msimsikilize. Nilimwona akilifikiria hilo. Kisha mabega yakamshuka.

"Ni kweli," akasema. "Nilijua. Niliogopa wataniharibia kipindi nikose cheti."

Mkufunzi alifunga daftari. Alizungumza polepole, kwa ile hasira isiyohitaji kupaza sauti. Alimkumbusha kuwa siku tano nzima alizungumza juu ya watoto hawahawa, naye alikaa benchi la mbele akiitikia kwa kichwa. "Cheti hiki si cha kuwafundisha wanaojua tayari," akamwambia. Halafu akawaita wote ndani.

Mkono wa mwalimu, kwa mazoea, ukakiendea kifilimbi. Mkufunzi akamwambia kiache. Akamgeukia mjukuu wangu, akamwomba aniamkie, kama anavyoniamkia kila siku.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba."

Mwalimu aliinamisha kichwa, akaishika ile sauti ya salamu, akaivuta puani, mmmm. Ilikuwa chini sana ya kifilimbi. Akaanzisha wimbo papo hapo. Mjukuu wangu akakosea. Mwalimu akasimama, akasikiliza, akashuka kidogo tena. Akakosea tena, lakini karibu. Mara ya tatu sauti ikatoka, nzito, inakwaruza kama cherehani iliyokaa miaka miwili bila mafuta. Lakini ilikuwa mahali pake, na haikutoka hapo hadi mwisho wa ubeti. Zumari ndiye aliyepotea. Wimbo ulishuka asikoweza kuufuata, akageuka huku na huku kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.

Nilishika futi yangu kwa mikono miwili. Mtoto nimemlea tangu anatambaa, na sauti yake ya kuimba nilikuwa nimeisahau.

Kati ya wale saba, wanne waliipata sauti siku hiyo. Wawili walikaribia. Kijiti alitoa mlio wa mlango, na mkufunzi akasema hata mlango una sauti yake, ila utiwe mafuta.

Cheti mwalimu hakupata. Mkufunzi alisema atarudi baada ya mwezi. Mjukuu wangu naye alipewa na mwalimu mkuu wiki mbili za kusafisha kabati la vyombo vya muziki, na sikumwombea apunguziwe hata siku moja. Kila jioni baada ya masomo, mwalimu alibaki na wale saba nusu saa. Siku ya kwanza, kabla ya kuimba lolote, aliwaomba msamaha, mmoja mmoja, kwa majina yao.

Msisikie hivyo mkadhani mambo yalipoa mara moja. Wiki nzima mtoto alirudi nyumbani amenuna. "Miaka miwili, Bibi," aliniambia akisugua sufuria kana kwamba ndiyo iliyomkosea. "Atairudishaje?"

"Hawezi kuirudisha," nikamwambia. "Anachoweza ni hiyo nusu saa ya kila siku. Mtazame kama anaitoa."

Aliitoa. Hata siku ya mvua.

Mwezi ulipotimia mkufunzi alirudi, akakaa benchi lilelile. Mistari ilikuwa imechanganywa, sauti za juu na za chini bega kwa bega. Waliimba, na walipomaliza akauliza wale samaki wako wapi. Watoto wakatazamana. Zumari ndiye aliyenyoosha mkono.

"Hatuna samaki," akasema. "Tuna wa juu na wa chini. Mimi nikipotea chini, huyu hapa hunishika." Akamgusa mjukuu wangu bega.

Mkufunzi akatoa kalamu, akatia saini.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nikikanyaga cherehani huku yeye akiosha vikombe na kuimba wimbo mmoja huohuo mara kumi na moja, hadi mteja wangu akauliza kama mtoto huyu hajui mwingine. Mteja alipoondoka, nilisimamisha gurudumu, nikamwambia mjukuu wangu maneno ninayowaambia na ninyi. Hasira yako ilikuwa ya haki. Lakini ulipoifungia ndani iliiba, na ulipoipa mdomo ilitengeneza. Ukionewa, sema, na uende kusema ukiwa na mikono mitupu isiyo na cha mtu. Na ukishalijua jambo jema, usilipigie mstari mwekundu ukaliacha kwenye faili. Litende, hata kama mgeni anakuja kesho. Mimi nami nimejifunza: mtoto akinyamaza, nitauliza.

Alisema amesikia. Kisha akachukua kikombe cha mwisho, akaanza wimbo mara ya kumi na mbili.