Mtegemezi Mwenye Afya Njema

Ndugu zangu, nitawasimulia habari za nyumba ninayopakana nayo ukuta, na sitazisimulia kwa upole, kwa sababu waliohusika hawakustahili upole. Mmoja wao ni mimi.

Asubuhi katika nyumba ile ilikuwa tulivu kiasi cha kutia wivu. Mama alisimama kwenye meza ndefu ya sebuleni akipiga pasi nguo za watu, maana yeye ni dobi, na harufu ya mvuke na sabuni ilifika mpaka kwangu. Binti yao wa pekee alikuwa mlangoni akifunga kamba za viatu, tayari kwenda kwenye karakana ya mafriji alikokuwa akijifunza kazi. Sote tulimwita Bisibisi, kwa kuwa tangu utotoni hakukosa kifaa hicho mfukoni. Feni yako ikikoroma, alikuwa ameshaifungua kabla hujamkaribisha kiti. Na baba alikuwa amekaa kwenye kochi, mguu juu ya mguu, shati limenyooshwa kama karatasi, akisoma gazeti kwa sauti utadhani sisi wengine hatujui kusoma.

Huyu tulimwita Kanali. Msidhani aliwahi kuwa askari. Silaha pekee aliyowahi kushika ni usukani wa basi la shule, na huo nao aliuachia miaka miwili nyuma akidai mgongo umemwisha. Ulikuwa mgongo wa ajabu sana. Uliuma akiombwa kuinua ndoo, ukapona akiitwa kwenye mazungumzo. Jina tulimpa kwa jinsi alivyopenda kutoa amri akiwa amekaa.

Basi asubuhi hiyo akalipiga gazeti kwa kiganja.

"Jeshi linaandikisha," akasema. "Wazazi wa askari wanatibiwa bure hospitali ya jeshi. Na askari akitumikia miaka mitano, anasomeshwa chuo kikuu. Bisibisi, umesikia?"

"Nimesikia, baba."

"Mama yako anatembea kama mlango uliotoka bawaba. Wewe unataka uhandisi. Yote mawili yako hapa kwenye ukurasa mmoja. Mtoto mwenye akili angekuwa ameshavaa viatu."

Binti akamtazama mama yake. Nyonga ya yule mama ilikuwa imelika, na daktari alikwisha sema dawa yake ni kuibadilisha, lakini hawakuwa na uwezo. Alipiga pasi akiegemea meza, uzito wote kwenye mguu mmoja, na alipotaka kuhamia upande wa pili alishika ukingo kwanza akavuta pumzi. Mtoto aliyekua akiona hilo kila siku hahitaji hotuba. Kanali alimpa hotuba hata hivyo, siku sita mfululizo, na siku ya saba Bisibisi akasema ataenda kuchukua fomu.

Hapo ndipo mngetuona sisi watu wazima tulivyo. Habari ilienea, na ghafla kila mtu akakumbuka ugonjwa wake. Shangazi mtu akaja na meno. Baba mdogo, ambaye hajawahi kumnunulia yule binti hata kalamu, akaja na macho, akauliza kama hospitali ya jeshi inatoa na miwani au ni kupimwa tu. Kanali akawapokea wote kochini, akawaandika kwenye sehemu ya wategemezi. Aliijaza fomu ile yeye mwenyewe, kwa mwandiko wake wa kujivunia, akisema mtoto ana haraka ya kuharibu karatasi.

Na mimi? Mimi niliandika barua ya kumdhamini kwa tabia njema. Tabia yake ilikuwa njema kweli, lakini sikuandika kwa sababu hiyo. Nina mtoto wa dada yangu asiye na kazi, na nilidhani Bisibisi akishaingia atamvuta. Nilipiga sahihi, nikanywa chai yao, nikampongeza mtoto kwa ujasiri ambao mimi nisingekubali mwanangu autoe. Hakuna mmoja wetu aliyemuuliza kama anataka.

Siku ya usaili alikwenda peke yake. Kanali alikuwa ameahidi kumsindikiza, lakini asubuhi ile mgongo ukamkumbuka.

Ofisi ya kuandikisha ilikuwa chumba chembamba chenye viti vya plastiki na ukuta uliopakwa rangi nusu. Nyuma ya meza alikaa Sajenti, mwanamke wa makamo mwenye kovu kidevuni na sauti ya chini. Haya yaliyosemwa humo Bisibisi alinisimulia mwenyewe baadaye, neno kwa neno.

"Kwa nini unataka kuwa askari?" Sajenti aliuliza.

"Mama yangu anaumwa nyonga."

"Pole kwa mama. Sasa kwa nini unataka kuwa askari?"

"Nataka kusomea uhandisi."

Sajenti akaweka kalamu chini. "Hivyo ni vitu ambavyo jeshi linatoa. Wengi wanakuja kwa ajili ya hivyo, na mimi mwenyewe nilianza hivyo, sijuti. Ila nitakuambia jambo ambalo kwenye gazeti hawaliandiki. Siku ukiambiwa nenda, unakwenda wewe. Nyonga ya mama haiendi, na hawa waliojazana kwenye fomu hii hawaendi." Akaigeuza fomu. "Umeisoma?"

"Baba ndiye aliyejaza."

"Basi isome. Nakusubiri."

Akaisoma. Wategemezi walikuwa tisa. Wa kwanza alikuwa Kanali, na mbele ya jina lake ameandika: hana uwezo wa kufanya kazi kwa sababu za kiafya. Mama yake alikuwa wa nne, baada ya shangazi na baba mdogo. Ukurasa wa mwisho uliuliza nani atapokea mafao askari akifariki akiwa kazini. Hapo Kanali alijiandika peke yake, akapiga na mstari chini ya jina. Pembeni, kwenye nafasi ya sahihi ya binti, alikuwa ameweka alama ya mkasi, ili mtoto asipotee pa kusaini.

"Kuhusu huyu wa kwanza," Sajenti akasema, "tunahitaji barua ya mwajiri wake wa mwisho, ithibitishe kwamba aliacha kazi kwa ugonjwa. Una wiki moja. Na wiki hiyo hiyo nenda ukajiulize swali langu. Ukirudi na jibu lako mwenyewe, liwe lolote, nitakupokea kwa heshima."

Kesho yake Bisibisi akaenda kwenye kampuni ya mabasi. Karani wa pale, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, akavuta jalada, akalifungua, akamtazama binti kwa huruma.

"Mwanangu, sina barua ya namna hiyo," akasema. "Baba yako hakuacha kwa ugonjwa. Aliacha siku msimamizi mpya alipowaambia madereva wote wasaini daftari la kufika kazini. Akasema yeye si mtoto wa shule, akatupa funguo mezani."

"Kwa hiyo alifukuzwa?"

"Nani amfukuze? Dereva mzoefu kama yeye hapatikani kirahisi. Tumemwandikia mara mbili arudi. Nakala hizi hapa. Nafasi yake bado iko wazi."

Bisibisi akauliza swali ambalo, alivyoniambia, ulimi ulikuwa mzito kulitoa. "Na matibabu? Dereva anapata matibabu?"

"Yeye na mkewe, kuanzia siku anaporudi. Ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Kwani hakuwaambia?"

Alirudi nyumbani mchana. Nilikuwepo, nimepeleka mashuka yangu yapigwe pasi. Kanali alikuwa kochini. Binti hakupaza sauti. Aliweka zile nakala mbili juu ya meza ya pasi, mbele ya mama yake, akasoma ya kwanza mpaka mwisho.

"Hizo barua zina lugha ya dharau," Kanali akasema.

"Zinasema 'tunakuomba urudi', baba."

"Yule msimamizi nimemzidi umri. Ulitaka niiname mbele yake kila asubuhi nisaini kama mwanafunzi mchelewaji?"

"Baba," Bisibisi akasema, "wewe ulikataa kusaini kwamba umefika kazini. Mimi ukaniwekea alama pa kusaini kuhusu kufa kwangu."

Kanali akageukia gazeti. Ndugu zangu, mtu yule aligeukia gazeti kweli.

Mama ndiye aliyezungumza. "Barua ya kwanza ilikuja lini?"

"Nani anakumbuka mambo hayo?"

Binti akamsomea tarehe. Mama akahesabu moyoni.

"Wiki hiyo nilianguka bafuni," akasema. "Nililala chini mpaka jirani akasikia. Wewe ulikuja, ukasimama mlangoni, ukasema Mungu atafungua njia. Barua ulikuwa nayo?"

"Mama Bisi, mgongo wangu..."

"Nimekuuliza barua, sikuuliza mgongo."

Kanali akafungua ukurasa mwingine wa gazeti. Mimi ndiye jirani niliyemwinua siku ile, kwa hiyo najua alilala pale muda gani. Mama akachomoa waya wa pasi ukutani. Akamwambia binti yake: "Mwanangu, sikukatazi jeshi na sikutumi. Hayo ni maisha yako. Lakini nyonga ni yangu, na kuanzia leo naitoa kwenye fomu yako. Usiende popote kwa ajili yake wakati mwenye uwezo wa kuitibu amekaa hapo anaota kutu."

Kisha akalitoa shati la Kanali katikati ya nguo zilizosubiri, akalikunja likiwa na makunyanzi yake, akamwekea mapajani.

Siku tatu zilizofuata zilikuwa darasa. Yule mama hakugombana na mtu. Shangazi alipokuja kuuliza habari za meno, alikaribishwa, akasomewa barua mbili. Baba mdogo naye akasomewa, wala macho yake hayakuwa na shida ya kuuona mlango wa kutokea. Kanali akitaka chai aliambiwa jiko lilipo. Akitaka shati aliambiwa pasi ilipo. Alijaribu mara moja kupiga pasi mwenyewe, akaunguza kola, akalalamika kwamba kazi ile inaumiza mgongo. Mkewe akamjibu, "Nafahamu." Nje nako watu walianza kumuuliza, kwa sura za upole kabisa, basi linaondoka saa ngapi.

Siku ya nne Kanali akaenda kusaini daftari, shati lake limejikunja kama jani kavu. Msidhani alitubu. Mpaka leo ukimkuta atakueleza jinsi kampuni ilivyomsujudia arudi na jinsi yule msimamizi anavyomwogopa. Mwacheni aseme. Anasema akiwa ameshika usukani, na kila mwezi jina la mkewe limo kwenye bima.

Nyonga ilibadilishwa miezi minne baadaye. Yule mama alianza kwa kutembea na fremu ya chuma, kisha na mkongojo, na sasa anatembea mikono mitupu mpaka sokoni na kurudi. Mimi nilikwenda kumwomba radhi Bisibisi kwa ile barua yangu ya udhamini. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Nashukuru umesema," akaendelea kufungua mota ya friji. Hakuniambia nisijali, na nilistahili hivyo.

Fomu ya kwanza hakuirudisha. Alikwenda kwa Sajenti, akamwambia jibu hana, akapewa mkono. Mwaka huu wameandikisha tena. Amechukua fomu mpya na anaijaza polepole kwa kalamu yake, baada ya kazi, kwenye meza ile ndefu. Wategemezi ameandika mmoja, mama yake. Anasema jeshini wana karakana kubwa ya mitambo ya ubaridi, na kwamba safari hii anaweza kusema anataka nini. Pia amepata nafasi chuo cha ufundi, na hajaamua. Nimejizuia nisimuulize.

FUNZO

Jeshi ni kazi ya heshima kwa aliyeichagua. Simsemi askari, wala simsemi mtoto anayejitolea kwa ajili ya wazazi waliokwama kweli, maana huyo ni wa kusujudiwa. Namsema mtu mzima mwenye mikono miwili anayemtanguliza mtoto mbele kwa sababu yeye anaona haya kufanya kazi. Anaita hiyo baraka, na anaita hiyo wajibu wa mtoto kwa mzazi. Kwa jina lake halisi ni uvivu uliovaa shati lililopigwa pasi na mtu mwingine.

Kabla hujamwambia mwanao aende akaape, mweleze ukweli wote: nini kinatolewa, kwa masharti gani, na wewe mwenyewe umeshindwa kazi au umeikataa. Msomee fomu yote mpaka ukurasa wa mwisho. Kisha nyamaza umwache aamue, na akikataa, mheshimu vilevile. Nasi majirani na ndugu tuache kupanga mstari nyuma ya mgongo wa mtoto tukiwa na meno yetu na macho yetu. Anayezitamani sana faida za jeshi, milango ya ofisi hufunguliwa asubuhi. Aende akapange foleni yeye.