Mafuta Juu ya Ramani ya Babu

Jioni ile nilikuwa na kazi ndogo tu: kumpelekea Shangazi Keita makinda mawili ya ndege wa bahari, yaliyochemshwa, yakichuruzika mafuta. Hapa kisiwani kwetu Rakiura, msimu wa ndege ukifika, hata mto wa kulalia hunuka mafuta yale. Magazeti yalikuwa yamekwisha. Nikachukua karatasi kuukuu juu ya kabati, nikayafunga, nikaondoka na mke wangu Miriama. Njiani uroho ukamshika. Akachomoa kinda moja, akalitafuna lote hadi mifupa.

Shangazi alifungua kifurushi chini ya taa. Akaikunjua karatasi.

"Ropata... hii karatasi umeitoa wapi?"

Ilikuwa ramani ya marehemu babu, kazi ya wapima ardhi wa zamani: pori tupu la kusini mwa kisiwa, mito, mistari ya miinuko. Kwa penseli babu alikuwa ameweka alama kwenye pango walimolazwa wazee wetu. Na kwetu chakula na wafu havikutani kamwe. Ukitoka makaburini bila kunawa, hugusi hata mkate.

"Umefungia nyama kwenye makaburi ya wazee wako, mpumbavu wewe! Nani amekula?"

Miriama akafuta midomo. "Mimi. Moja tu, shangazi..."

Kisha harufu ikaja. Si ya ndege. Ilikuwa ya nyama iliyooza ndani ya maji, nzito, inakaa ulimini.

Miriama akakohoa.

Akaingiza vidole kinywani, akavuta unywele. Mweupe. Mrefu. Ukafuatwa na mwingine, na mwingine, hadi ikawa ni nywele zilizosukwa, zimelowa mafuta.

"Zivute polepole, usizikate," shangazi alininong'oneza. "Ukikata, tumempoteza."

Nilivuta. Msuko ulikuwa na joto la tumbo la mke wangu, unateleza. Nilitapika, nikaendelea kuvuta. Miriama macho yamemtoka, hapumui...

Ukatoka.

Mwishoni palikuwa na kipande cha ngozi ya kichwa. Shangazi alikipokea kwa kitambaa, akatunyunyizia maji, akaomba hadi sauti ikamkauka.

Nilimkumbatia Miriama nikilia. Alikuwa anapumua!

Akanisogeza pembeni kwa upole. Alikuwa anakitazama kile kitambaa, mate yakimdondoka kidevuni.

"Shangazi," akasema, "hicho unamwekea nani?"