Maiti Katika Pipa la Unga Mpya

Msimamizi wa mtambo alipofungua kufuli la pipa asubuhi, mbele ya wafanyakazi, walimkuta mtunza ghala amefukiwa hadi kidevuni, kope nyeupe kama za mzee. Unga ule si wa kula. Huzungushwa mtamboni ukapasue mafuta mazito yawe petroli. Mpya huongezwa, uliochoka hutolewa.

Mpelelezi, mama wa makamo, alikuta shemeji wa marehemu keshatiwa pingu, maana walisikika wakigombana jana. Dada wa shemeji huyo, mjane wa saa chache, alisimama mlangoni. Mume maiti, kaka pinguni. Angebaki na nani?

"Mligombania nini, mwanangu?"

Shemeji alimtupia dada yake jicho, akainama. "Mambo ya kazi."

"Kazi haina jina?"



Mpelelezi akamgeukia msimamizi. "Pipa hujazwa na nani?"

"Mimi, mama. Ufunguo haubanduki kiunoni. Ndiyo maana nimepunguza matumizi ya unga mpya kwa nusu, wakubwa wakanisifu. Mkono wa pili haugusi."

"Hata wa marehemu?"

"Hata wake."

Mama akaazima sumaku karakanani, akaipitisha ndani ya pipa. Ikatoka na ndevu za unga.

"Kitendawili," alisema.

Msimamizi hakusema tega.

"Unga mpya, ndevu za kizee."

"Vumbi la chuma tu hilo."

Mama akachana gunia lililofungwa kiwandani, akachovya sumaku. Ikatoka tupu.

"Unga ukizunguka mtamboni hubeba madini ya mafuta ghafi, nayo hunaswa na sumaku. Huu wa pipani ni mkongwe. Umeuchoma masizi, ukaung'arisha, ukauita mpya. Hiyo ndiyo nusu uliyosifiwa. Marehemu aliligundua. Na kama ufunguo haubanduki kiunoni mwako, huyu wa pingu alifunguaje pipa?"

Msimamizi aliketi juu ya gunia. "Cheo kilikuwa mkononi. Akaja, akaniambia nifungue aone, la sivyo anakwenda kwa wakubwa. Alipoinama nikamsukuma. Nikafunga."

Pingu zikahama mikono. Dada akamshika kaka yake viganja.

"Sasa niambie," mpelelezi alisema. "Mligombania nini?"

"Alinieleza habari za unga. Akaniomba tumkabili msimamizi pamoja. Nikamwambia aende mwenyewe. Mimi nina watoto."

Dada aliviachia viganja vile taratibu, akatoka kwenda kuuliza mwili wa mumewe umelazwa wapi.