Uzi Mwekundu Kwenye Kabureta

Kila Jumamosi asubuhi kazi yangu ilikuwa kujaza petroli kwenye trekta la Babu Isaya. Trekta hilo lina umri mkubwa kuliko baba yangu. Watu wa kijiji chetu cha Kansay hulicheka, na mimi huwajibu wote, mmoja mmoja.

Jumamosi ile liliwaka vizuri, lakini lilipoanza kuvuta plau likakohoa, likazima. Tulijaribu mara tatu. Baba mdogo Noel akashika kiuno.

"Mzee, imetosha. Nampigia mnunuzi wa vyuma chakavu aje alichukue leo."

"Halichukuliwi," nilisema.

"Winnie, watu wazima wanaongea."

"Nimesikia, baba mdogo. Lakini halichukuliwi."

Babu hakunikemea. Alilitazama shamba ambalo hatujalima hata nusu, wakati mahindi ya majirani yameshaota.

"Mpaka saa sita," alisema. "Likikataa, Noel apige simu."

Injini ilipopoa, tulifunga bomba la petroli. Babu akaniuliza, "Likisimama linanguruma, likivuta linazima. Maana yake nini?"

"Halipati petroli ya kutosha."

Nilifungua kabureta, nikatoa jeti, kile kipande kidogo cha shaba chenye tundu la kupitishia petroli. Nikaipuliza kwa pampu ya baiskeli. Kikatoka kinyuzi chekundu.

Nikautambua uzi huo. Asubuhi ile Babu alikuwa ameniagiza nichuje petroli kwa wavu. Lakini wavu ulikuwa stoo, nami nilikuwa na haraka, nikachujia kwenye kona ya shuka jekundu nililojifunika kwa baridi.

"Unaona?" alisema baba mdogo. "Limeoza mpaka ndani."

Ningeweza kunyamaza. Trekta halina mdomo wa kujitetea. Hapo nikapandwa na hasira, na safari hii nilijikasirikia mwenyewe.

"Halijaoza," nilisema. "Nilichujia petroli kwenye shuka langu. Kosa ni langu, msilisingizie trekta."

Masikio yaliniwaka kwa aibu, lakini sikuinamisha uso. Babu akanipa bisibisi.

"Basi litengeneze."

Tulimwaga petroli yote kwenye dumu, tukaichuja upya kwa wavu. Nikasafisha kabureta na kuirudisha. Nikakaza taratibu skrubu ya kupimia petroli hadi mwisho, kisha nikailegeza mzunguko mmoja na nusu. Trekta likawaka, likatoa moshi mweusi.

"Petroli imezidi," nilisema kabla sijaulizwa. Nikakaza kidogo tu, mlio ukatulia.

Baba mdogo alipanda, akashusha plau. Trekta likavuta mpaka mwisho wa shamba, likageuka, likarudi bila kukohoa. Ilikuwa bado saa tano.

"Umetushinda, binti," alisema baba mdogo aliposhuka.

"Hakutushinda kwa ubishi," alisema Babu. "Angeficha kosa lake, tungeuza trekta zima kwa sababu ya uzi mmoja. Winnie, endelea kuwa mbishi. Lakini ubishe ukiwa na ukweli, hata ukweli huo ukikuumiza wewe mwenyewe. Mtu wa namna hiyo naweza kumwachia trekta langu."